Mstari wa Tano

Alikuja na Corolla DX, rangi ya chai iliyochujwa mara mbili,
akashukia upande wa abiria, mlango wa dereva una kiburi.
"Fundi, nataka kioo cha nyuma kipate moto."
Nikamtazama. Saa saba mchana, Temeke,
jasho langu lenyewe linatafuta kivuli.
"Mzee Lyamuya, moto? Dar hii?"

"Wewe hujakaa foleni ya Mtoni mwezi wa nne,
vioo vimefungwa, watu wanne wanapumua,
nyuma yako lori la kokoto linapiga honi
na huoni hata rangi yake."

Haya. Nikafungua buti, nikavua zulia.
Waya wa zamani ulishaliwa na panya,
uliobaki umefungwa kwa plasta ya kidonda.
Nikavuta mpya kutoka kwenye betri, mwekundu, mnene,
maana kazi hii inakula umeme kama shughuli inavyokula mchele;
uipe waya wa redio uone kama hujarudi nyumbani kwa miguu.
Fyuzi ya ishirini, jirani na betri, si mbali.
Rilei ya mtumba kutoka Gerezani: niliigusisha umeme,
ikasema tak, nikajua ina roho.
Swichi nikaipachika kwenye tundu la kiberiti cha sigara
(aliacha kuvuta mwaka aliozaliwa binti yake).
Waya mweusi kwenye bodi, nikakwangua rangi hadi chuma kikang'aa:
umeme ni mgeni mwoga,
asipoonyeshwa mlango wa kutokea, haingii.

Kisha nikahesabu mistari ya kioo. Kumi na miwili,
ya kahawia, imelala kama daftari ambalo halijaandikwa.
Hivyo nilidhani.

Nikapima kwa mita. Wa kwanza mzima. Wa pili mzima.
Wa tano umekatika, pengo dogo kama ukucha wa mtoto.
Dawa yake ninayo, rangi ya fedha, brashi ya nywele tatu,
ila lazima kwanza kufuta kwa spiriti.
Nikapulizia pumzi niuone uchafu vizuri.

7 × 8 = 54

Ikatokea. Mwandiko wa kidole, umeinama kushoto.

"Usifute," akasema mzee, wala hakupaza sauti.
Nikashusha kitambaa.
"Aikande huyo. Darasa la tatu. Gari lilizimika kwenye maji,
nikaona tusipoteze muda, nikamkalisha nyuma na jedwali la saba.
Nikamwambia umekosea. Akalia mpaka nyumbani."

"Sasa yuko wapi?"
"Dodoma. Mkaguzi wa hesabu."
Akacheka, halafu kicheko kikamwishia njiani.
"Hela anatuma. Kila tarehe tano. Haipungui shilingi."

Pengo la waya lilikuwa palepale,
katikati ya tano na nne.
Nikalifunika kopo la rangi.

Nikawasha. Tak. Taa ya njano ikafumbua jicho.
Nikaazima birika la Mama Sijali, muuza chai wa ng'ambo ya mtaro,
nikakivukiza kioo mpaka kikawa cheupe kama uji,
tukasimama wawili kama watu wanaosubiri wali uive.
Ukungu ukaanza kukatika, ufito juu ya ufito,
juu, chini, pembeni,
ukabaki mmoja tu, mwembamba, unaokataa kuondoka.

Nikamtajia bei ya mistari kumi na mmoja.
Akalipa ya kumi na miwili.

Jumamosi mvua ikashuka kweli, akanipa lifti ya Mbagala.
Kwenye kioo cha kati namba zimegeuka,
zinaanzia kwenye jibu, zinarudi kwenye swali.
Lori la kokoto liko nyuma yetu, tunaliona lote,
taa, bampa, dereva anayepiga miayo,
isipokuwa pale kwenye ufito,
ambapo hamsini na nne bado inabisha.
Mzee akaongeza mwendo kidogo.
"Simu yangu hiyo hapo," akasema, "nitafutie jina lake."